Betri ya Lithiamu kwenye Pikipiki: Mwongozo Kamili wa Kuichagua, Kuifunga na Kuitunza Jijini Dar es Salaam

Lalamiko linalonifikia mara nyingi kuliko mengine yote ni hili: mtu amenunua betri ya lithiamu kwa fedha nyingi, ameifunga kwenye pikipiki yake, imepiga selfu vizuri kwa wiki kadhaa, kisha asubuhi moja imegoma kabisa. Anairudisha dukani akidai ameuziwa betri mbovu, na muuzaji anamjibu kwamba ameiua mwenyewe. Katika betri nilizozipima kwa mkono wangu, mara nyingi tatizo lilikuwa kwenye pikipiki: rektifaya (kifaa kinachorekebisha umeme wa kuchaji betri) inayotoa volti nyingi kupita kiasi, kifaa kinachonyonya umeme usiku kucha, au chaja ya betri ya asidi iliyotumiwa kuiamsha.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza kwa kuipima pikipiki kabla ya kuigusa betri. Unahusu betri ya volti 12 ya kuwashia injini ya petroli, aina yenye maandishi LiFePO4 (lithiamu, chuma na fosfati) kwenye lebo. Pikipiki zinazoendeshwa kwa umeme zina betri za volti nyingi zaidi zenye taratibu zake, na hazimo humu.

## Vifaa vya kuandaa

- Multimita ya kidijitali yenye uwezo wa kupima volti za betri na ampea hadi 10.
- Spana namba 10 na bisibisi ya nyota.
- Msasa laini au brashi ya waya, kitambaa kikavu, na mafuta ya kujipaka ya mgando.
- Vipande vya sponji ngumu au mpira wa kujazia nafasi.
- Chaja iliyoandikwa wazi kuwa ni ya LiFePO4 ya volti 12, ambayo kikomo chake hakizidi volti 14.6.
- Fyuzi ya akiba yenye ampea zilezile za fyuzi iliyopo, pamoja na tepu ya umeme.

Usianze kazi bila multimita. Karibu kila hatua inayofuata inategemea namba, na macho hayawezi kuona tofauti ya volti 14.4 na volti 15.4, ingawa tofauti hiyo ndiyo inayoamua iwapo betri itaishi au itakufa.

## Hatua ya 1: Pima chaji ya pikipiki kabla ya kununua betri

Fanya kipimo hiki ukiwa na betri ya asidi iliyo nzima. Kama ya kwako imechoka, azima ya mwenzako kijiweni, kwa maana betri mbovu hupotosha vipimo vyote.

Weka multimita kwenye volti 20 za umeme wa moja kwa moja (DC), gusa ncha chanya kwa waya mwekundu na ncha hasi kwa waya mweusi, kisha washa injini. Ongeza resi polepole hadi kiwango cha katikati, kile unachokitumia ukiwa barabarani kwenye gia ya mwisho, na uishikilie hapo kwa sekunde kumi. Soma namba taa zikiwa zimezimwa, kisha usome tena zikiwa zimewashwa.

Namba njema ni kati ya 13.8 na 14.6. Sababu yake ni kwamba ndani ya betri hii mna seli nne zilizofungwa mfululizo, na kila seli hujaa ifikapo volti 3.65, mara nne ni 14.6. Betri ya asidi ikizidishiwa volti huchemsha maji yake na kuyapoteza, na wewe huongeza maji mengine maisha yakaendelea. Betri ya lithiamu haina maji ya kuongeza. Volti zinapozidi, seli zenyewe ndizo zinazoharibika, na uharibifu huo haurekebishiki.

Namba ikipita 14.8, usifunge betri ya lithiamu mpaka rektifaya ibadilishwe. Hiki ni kile kifaa chenye mapezi ya alumini ya kupoza joto. Ikifika 15 au zaidi, hata betri yako ya asidi iko hatarini. Ikibaki chini ya 13.5, betri ya lithiamu haitajaa hata ukitembea kutwa nzima, kwa hiyo kagua waya zilizolegea, soketi zilizoungua na koili za chaji.

Rudia kipimo pikipiki ikiwa ya moto. Rektifaya inayoanza kufa mara nyingi hutoa namba nzuri asubuhi ikiwa ya baridi, kisha huachia volti baada ya kupata joto. Safari ya kutoka Mwenge hadi Tegeta na kurudi inatosha. Wengi huruka kipimo hiki cha pili, na wengi wa hao ndio wanaorudi kwangu na betri iliyovimba.

Jambo jingine la kuangalia ni taa ya mbele. Kwenye baadhi ya pikipiki ndogo, taa hiyo haiwaki injini ikiwa imezimwa, na mwanga wake hupanda na kushuka kwa kufuata resi, kwa sababu inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili bila kupitia betri. Pikipiki ya namna hiyo inaweza kutumia betri ya lithiamu, lakini usikubali fundi aihamishie taa hiyo kwenye betri bila kupima tena chaji, kwa kuwa umeme unaobaki wa kuchaji unaweza usitoshe.

## Hatua ya 2: Tafuta kinachonyonya umeme pikipiki ikiwa imezimwa

Zima swichi na utoe ufunguo. Fungua waya wa ncha hasi. Hamishia multimita kwenye ampea 10, kisha unganisha waya wake mmoja kwenye ncha hasi ya betri na mwingine kwenye ule waya ulioufungua, ili umeme wote upite ndani ya mita.

Tahadhari: usiwashe swichi wala kupiga selfu mita ikiwa imeunganishwa hivyo, kwani unaweza kuunguza fyuzi yake.

Pikipiki isiyo na nyongeza yoyote inapaswa kuonyesha sifuri au miliampea chache tu. Ikionyesha miliampea 20 (yaani 0.02 kwenye kipimo cha ampea) au zaidi, kuna kitu kinachokula. Kwa pikipiki nyingi za mkataba hapa Dar es Salaam, kitu hicho ni kifaa cha kufuatilia mahali ilipo, ambacho mwenye chombo hukifunga ili kulinda mali yake. Redio, alamu na chaja ya simu iliyounganishwa moja kwa moja kwenye betri hufuata.

Tufanye hesabu pamoja. Miliampea 20 kwa saa 24 ni miliampea-saa 480, yaani karibu nusu ampea-saa kwa siku. Betri ya lithiamu yenye ampea-saa 2 halisi itakauka katika siku nne. Dereva akiugua homa na kulala ndani kuanzia Jumatatu, Ijumaa atakuta betri imekwisha, na lithiamu iliyokauka kabisa mara nyingi hairudi.

Usikate waya wa kifaa cha kufuatilia kwa siri. Utavunja mkataba na kupoteza uaminifu. Zungumza na bosi wako, umwonyeshe namba kwenye mita, na umwombe aliyekifunga akiweke kwenye hali ya kulala pikipiki inapokuwa imesimama, kama kifaa chenyewe kina uwezo huo. Redio na chaja ya simu vihamishie baada ya swichi, ili vizimike pamoja na ufunguo.

## Hatua ya 3: Chagua betri kwa kusoma lebo vizuri

Hapa pana mtego unaowanasa watu wengi. Betri nyingi za lithiamu za pikipiki huandikwa "7Ah" kwa maana kwamba zina nguvu ya kupiga selfu sawa na betri ya asidi ya ampea-saa 7. Akiba halisi iliyomo ndani inaweza kuwa theluthi moja tu ya namba hiyo.

Namba ya kweli itafute kwenye maandishi yenye herufi Wh, yaani wati-saa. Gawanya namba hiyo kwa 12.8, ambayo ndiyo volti ya kawaida ya betri hizi. Ikiwa imeandikwa 24 Wh, unanunua betri yenye ampea-saa 1.9 tu, hata kama namba kubwa iliyopo juu inasema 7.

Kwa pikipiki ya nyumbani isiyo na nyongeza, akiba hiyo ndogo inatosha. Kwa bodaboda yenye kifaa cha kufuatilia, taa za ziada na chaja ya simu, ushauri wangu ni usishuke chini ya 50 Wh, hata kama itakubidi usubiri mwezi mmoja zaidi ukikusanya fedha. Betri ndogo kwenye pikipiki yenye mzigo mkubwa ni hasara iliyocheleweshwa.

Unapofika dukani, iwe Kariakoo, Gerezani au mtaani kwako, beba multimita. Betri mpya ikiwa imetulia isome angalau volti 13.0, ikiwa chini ya 12.8, iache, kwani imekaa muda mrefu bila kuchajiwa. Uliza kama ina saketi ya ulinzi inayosawazisha seli na kukata umeme betri inapokaribia kukauka. Hakikisha pia kwamba ncha chanya iko upande uleule wa betri yako ya zamani, kwa sababu waya za pikipiki ni fupi, na kuzivuta kwa nguvu ni kukaribisha shoti. Kataa betri iliyopangwa mbele ya duka penye jua.

## Hatua ya 4: Funga betri

Ijaze kwanza kwa chaja yake kabla ya kuifunga, kwa utaratibu ulio katika hatua ya 6. Kisha fuata mpangilio huu.

1. Zima swichi, fungua waya wa hasi kwanza, ndipo ule wa chanya. Ukianza na chanya, spana ikagusa fremu, utapata shoti kubwa, kwa maana fremu yote imeunganishwa na hasi.
2. Toa betri ya zamani ikiwa wima ili asidi isimwagike, na usafishe kikapu chake. Mabaki ya asidi huanza kuila betri mpya taratibu.
3. Sugua vichwa vya waya kwa msasa hadi ving'ae.
4. Weka betri mpya na ujaze nafasi iliyobaki kwa sponji. Betri ya lithiamu ni nyepesi na mara nyingi ni ndogo kuliko ya asidi, kwa hiyo isipobanwa itarukaruka kwenye mashimo ya barabara za mitaani hadi viungo vya ndani vikatike.
5. Unganisha chanya kwanza, hasi mwisho. Kaza hadi waya usitikisike, kisha acha. Nati za ncha hizi ni ndogo na laini. Zikikazwa kwa nguvu za nati ya gurudumu, hung'oka.
6. Paka mafuta ya mgando juu ya viungo vilivyokwisha kukazwa, ili hewa yenye chumvi ya pwani isivishike.

Wapo wanaoifunga betri yote kwa mfuko wa nailoni wakidhani wanaikinga na mvua. Mfuko huo hufungia joto na unyevu ndani, nao huifupishia betri maisha. Iache ipumue.

Utajua umefaulu iwapo betri haitikisiki unapoisukuma kwa kidole, mita inasoma 13.3 au zaidi injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.8 na 14.6 injini ikiwa kwenye resi ya katikati.

## Hatua ya 5: Matumizi ya kila siku

Piga selfu kwa sekunde tano tu, kisha pumzika kidogo kabla ya kujaribu tena. Injini ikikataa mara tatu, tumia kiki na utafute hitilafu kwenye plagi au mafuta, kwani betri haiponyi injini inayougua.

Usifungue waya wa betri injini ikiwa inaunguruma. Betri ndiyo inayotuliza volti zinazotoka kwenye rektifaya. Ikiondolewa ghafla, volti hupanda na kuunguza balbu, hata CDI, kile kifaa kinachoongoza cheche za plagi. Vivyo hivyo, usiiwashe pikipiki kwa kuiunganisha na gari linalounguruma.

Fundi wa kuchomelea anapotaka kuongeza kerieri au kuziba ufa kwenye fremu, itoe betri kabisa na uiweke mbali. Hili nalisisitiza kwa sababu kazi hii hufanyika kila siku mitaani, na mara chache sana huwa naona betri ikiondolewa.

Miongozo ya nchi za baridi hutumia kurasa nyingi kueleza namna ya kuipasha joto betri wakati wa theluji. Mambo hayo hayatuhusu. Adui yetu ni joto, hasa kati ya Januari na Machi, siku zinapopita nyuzi 30 kivulini na siti nyeusi iliyoachwa juani inapokuwa haikaliki. Betri iliyojaa na yenye joto kali huzeeka haraka kuliko iliyojaa nusu ikiwa kivulini. Kijiwe chenye mwembe ni bora kuliko kijiwe cha lami tupu, na kama hakuna mti, geuza pikipiki ili upande wa betri usitazame jua la mchana.

## Hatua ya 6: Kuchaji na kusoma volti

Kosa kubwa kuliko yote ni kuisoma betri ya lithiamu kwa kipimo cha betri ya asidi. Fundi anaweka mita, anaona 12.8, anasema imejaa. Kwa betri ya asidi yuko sahihi. Kwa lithiamu, 12.8 ikiwa imetulia ina maana kwamba imebaki na akiba ndogo sana.

Baada ya kuiacha itulie kwa saa moja bila chaja wala mzigo, isome hivi:

- 13.3 na kuendelea: imejaa au inakaribia kujaa.
- 13.1 hadi 13.2: iko kati ya chini kidogo ya nusu na robo tatu.
- 12.8 hadi 13.0: imebaki kidogo, ichaji leo.
- Chini ya 12.0: iko hatarini, usipige tena selfu.
- Chini ya 8, lakini si sifuri kabisa (sifuri imeelezwa mwishoni mwa hatua hii): usijaribu kuifufua.

Betri hii hushikilia volti zake karibu palepale kwa muda mrefu, kisha huporomoka kwa ghafla mwishoni. Kwa hiyo usingoje selfu ianze kuvuta kwa uchovu kama ilivyokuwa kwa betri ya asidi, kwani onyo hilo huenda lisije. Ipime mara moja kwa wiki.

Tumia chaja ya LiFePO4 peke yake. Chaja nyingi za betri za asidi zina utaratibu wa kuondoa salfa, ambao hupiga mapigo ya volti za juu kusafisha bamba za risasi. Lithiamu haina salfa, na mapigo hayo huweza kuua seli au saketi ya ulinzi.

Chagua chaja ya ampea 1 au 2. Ikiwa betri ina ampea-saa 4 halisi na imekauka, chaja ya ampea 2 itachukua takriban saa mbili. Iweke juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na godoro, pazia na mtungi wa gesi, wala usiiweke mlangoni mnapopitia, ili ikipata moto isiwafungie njia ya kutokea. Chaji ukiwa macho. Umeme wa TANESCO ukikatika, chomoa chaja kwenye soketi, na uirudishe dakika chache baada ya umeme kurejea na kutulia.

Mita ikisoma sifuri, huenda saketi ya ulinzi imekata umeme ili kuzinusuru seli. Unganisha chaja ya LiFePO4 yenye uwezo wa kuamsha, kaa karibu, na uiguse betri kila baada ya dakika chache. Ikipata joto la kukufanya uondoe mkono, au volti zisipopanda ndani ya nusu saa, zima na uitoe nje.

## Hatua ya 7: Masika, maji ya chumvi na safari ndefu

Mvua ya kawaida haina tatizo. Tatizo ni maji yanayofika usawa wa betri, kama yanavyofika Jangwani mto Msimbazi unapofurika. Pikipiki ikizama, zima swichi, fungua waya wa hasi, na usiichaji betri hiyo mpaka umeikausha kwa siku kadhaa nje ya nyumba na kuikagua. Kama maji yalikuwa ya chumvi, au kama betri imepasuka popote, usiirudishe kwenye matumizi. Unapooshewa pikipiki, mwambie mwoshaji asilenge mdomo wa mashine kwenye kava la betri.

Ukisafiri kwenda kijijini mwezi wa Disemba na kuiacha pikipiki mjini, fungua waya wa hasi na uiache betri ikiwa na volti 13.1 hadi 13.2. Isiwe imejaa kabisa, wala isiwe tupu. Katika hali hiyo itakaa miezi miwili bila shida.

## Dalili za kuacha kila kitu na kuitoa nje

Kuvimba kwa ubavu, harufu tamu kali inayofanana na ya rangi ya kucha, joto ikiwa haijaunganishwa na chochote, au mlio wa kufoka: ukiona lolote kati ya haya, usiichaji, usiitoboe, wala usijaribu kuifungua. Kama haijaanza kutoa moshi, ipeleke nje juu ya mchanga au saruji, mbali na kuta na pikipiki nyingine.

Ikianza kutoa moshi, usiibebe. Waondoe watu, kaeni upande upepo unakotoka kwa sababu moshi huo una sumu, na mpigie Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114. Aliye kwenye umbali salama anaweza kuimwagia maji mengi, yenye kazi ya kuipoza, kwa maana seli moja iliyoungua huipasha joto jirani yake na kuiwasha. Endelea kuiangalia kwa saa kadhaa, kwani inaweza kuwaka tena.

Betri iliyokufa izibe ncha zake kwa tepu, uiweke kwenye ndoo yenye mchanga mkavu, na uipeleke kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali. Usiichanganye na taka za nyumbani zinazopakiwa kwenye gari la taka, na usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu aliyezoea betri za asidi, kwa kuwa yeye ataivunja akitafuta risasi ambayo haimo, na kuivunja kwenyewe ndiko kunakoiwasha moto.